Daktari Amesema Uanze Insulini: Mwongozo Kamili wa Kuvuka Woga

Kwenye kliniki za sukari za Nairobi kuna ombi ambalo madaktari wamelisikia hadi wamelizoea: "Daktari, nipe mwezi mmoja tu, nitajikaza." Mgonjwa amesomewa HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, na kimefika asilimia 10 au 11. Ameambiwa vidonge peke yake havimtoshi tena. Anaomba mwezi wa kuacha chapati na kutembea hadi steji badala ya kupanda boda. Mwezi unageuka mwaka, na siku anayorudi anakuja na kidonda mguuni.

Nawaandikia walio ndani ya mwezi huo, wenye kisukari cha aina ya pili. Dozi yako ataipanga daktari anayekujua. Kazi iliyobaki, ya kutoka kwenye "siwezi" hadi kujidunga na kuendelea na shughuli zako, ndiyo tutakayoifanya hapa.

Ila kuna wasiopaswa kusubiri hata kumaliza kusoma. Ikiwa unakonda bila kutaka, koo linakauka, unaamka kukojoa usiku kucha na mashine ya kupima sukari inasoma 17 kwenda juu (namba zote za sukari hapa ni za mmol/L), nenda hospitali leo. Ukiongeza kutapika, kuhema au kusinziasinzia, hiyo ni dharura.

Hatua ya 1: Taja kila woga peke yake

"Naogopa sindano" ndilo jibu jepesi la kumpa daktari. Nyuma yake mara nyingi kuna jambo jingine kabisa. Chukua karatasi uandike yote yanayokukosesha usingizi, hata lile unaloona litachekwa. Mengi yatakuwa kati ya haya.

"Jirani yetu alianza insulini, haikupita muda akakatwa mguu." Huu ndio woga mgumu kuliko yote, kwa sababu mtu ameuona kwa macho yake. Msibani mguu ule ukatajwa, na insulini ikatajwa pamoja nao. Lakini uliza jirani alikuwa ameishi na sukari ya juu kwa miaka mingapi kabla ya sindano ya kwanza. Mishipa ya damu na neva za miguu huharibika polepole, bila maumivu ya kukuonya. Insulini ilipoletwa uharibifu ulikuwa umeshafanyika, na kwa kuwa ndiyo iliyofika mwisho, ikabeba lawama yote.

"Insulini inapofusha." Hapa kuna punje ya ukweli ambayo wengi hawaelezwi. Sukari iliyokaa juu muda mrefu ikianza kushuka, lenzi ya jicho hubadilika umbo, na kwa wiki kadhaa maandishi yanaweza kuonekana kama yana ukungu. Hali hiyo hupita. Usikimbilie kununua miwani mipya katika kipindi hicho, utajuta. Jambo la pili ni zito zaidi: mtu ambaye tayari sukari imemharibu retina, ule utando wa nyuma ya jicho, anaweza kuzidiwa kwa muda sukari inaposhuka kwa kasi. Dawa ya woga huu ni kupimwa macho, yale ya kutiwa matone ili daktari aone ndani, kabla ya kuanza au mapema iwezekanavyo baada ya hapo.

"Nikianza sitaacha tena." Insulini ni homoni ambayo mwili wako umekuwa ukiitengeneza tangu kuzaliwa, na haina uraibu kama wa sigara au pombe. Wapo wanaoitumia kwa muda tu: wakati wa upasuaji, wakati wa ujauzito, au miezi michache ya kushusha sukari iliyopanda sana, kisha daktari akawarudisha kwenye vidonge. Walio wengi huendelea nayo. Afadhali uambiwe hivyo mapema kuliko kupewa ahadi tamu.

"Nitanenepa." Inawezekana, mara nyingi kilo 2 hadi 4. Sukari ikipita 10 hivi, figo huanza kuimwaga kwenye mkojo, na chakula chako kinaishia chooni. Insulini inapoizuia, kalori zile zinabaki mwilini. Kwa mtu aliyekonda hadi nguo zikampwaya, kilo hizo ni nafuu. Kwa mwenye uzito mkubwa, mazungumzo ya sahani yaanze wiki ile ile ya sindano: ugali upungue, sukuma iongezeke, mandazi ya saa nne yaachwe.

Halafu kuna ule usioandikwa: aibu. Mtu ameacha sukari kwenye chai, amemeza dawa bila kukosa, na sasa sindano inaonekana kama cheti cha kufeli. Hatua inayofuata ni ya huyo.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini vidonge vimefika mwisho

Katika kisukari cha aina ya pili mambo mawili huenda pamoja. Mwili unakuwa mgumu kuitikia insulini, na seli za kongosho zinazoitengeneza zinapungua mwaka hadi mwaka. Baadhi ya vidonge, kama glibenklamidi, kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe zaidi. Ni kama kumwongezea malisho ng'ombe aliyezeeka: mwanzoni maziwa yanaongezeka kidogo, kisha hata ukimpa gunia zima hayaji. Kongosho likifika hapo hakuna nidhamu ya mgonjwa itakayoliamsha. Unachofanya ni kuleta kutoka nje kile kisichopatikana tena ndani.

Ndiyo maana metformini, kidonge kingine cha kisukari, mara nyingi haiachwi, kwa kuwa yenyewe inasaidia mwili uitikie insulini. Vile vidonge vya kusukuma kongosho ndivyo daktari anaweza kuvipunguza au kuvisimamisha. Muulize waziwazi: "Kati ya hivi, nabaki na vipi?" Wako wanaoacha vyote siku wanapopewa insulini, na wako wanaoendelea na vyote. Makundi yote mawili hujikuta matatani.

Hatua ya 3: Dungwa kavu, kliniki, mbele ya sista

Hatua hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa foleni ikiwa ndefu. Usiende nyumbani na insulini ambayo hujawahi kuishika.

Mzee amekaa kwenye benchi, koti hajavua. "Sista, mimi hiyo siwezi. Nitakula dawa zote unazotaka, lakini hiyo, hapana."

"Sawa, mzee. Hebu nishikie tu." Sista anamkabidhi sindano ya kalamu ya insulini, ile ya urefu wa milimita 4, bila insulini yoyote. Mzee anaigeuza kwenye mwanga, anasogeza miwani. Anatafuta ncha. Alikuwa anaifikiria ile sindano ya penisilini ya utotoni, iliyoingia takoni ukashindwa kukalia dawati.

"Ni hii?"

"Ni hiyo, baba. Inua shati."

Inaingia, inatoka. Mzee bado anasubiri maumivu yaanze.

Sindano ya kupima sukari kidoleni inauma zaidi kuliko hii ya tumbo, kwa sababu ncha za vidole zimejaa neva na mafuta ya tumbo hayana nyingi. Ikiwa umekuwa ukijitoboa vidole, sehemu ngumu umeshaizoea. Mwambie sista, "Naomba nijaribu kavu kwanza," kisha ujidunge wewe mwenyewe mbele yake. Ukija na mtu wa nyumbani naye ajaribu, maana siku utakayougua atakusaidia.

Kuna wachache ambao wakiona sindano wanatokwa jasho na kuzimia kabisa. Hao waseme mapema. Walale chali wakati wa kudungwa, na waombe kuonana na mshauri nasaha, kwa kuwa woga wa namna hiyo hutibika.

Hatua ya 4: Jua umepewa ipi

Kwa wengi wanaoanza huwa ni mojawapo ya tatu: insulini ya muda wa kati, ya rangi ya maziwa, inayodungwa usiku kabla ya kulala, ya mchanganyiko, yenye maziwa pia, inayodungwa kabla ya kifungua kinywa na kabla ya chakula cha jioni, au ya muda mrefu, angavu kama maji, mara moja kwa siku saa ile ile. Dozi ya kuanzia ya usiku kwa kawaida ni ndogo, mara nyingi yuniti 10, au yuniti 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Usione ndogo ukaiongeza mwenyewe. Imeanzia chini makusudi.

Chupa au kalamu? Piga hesabu kabla ya kulipa. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000, lakini ikishafunguliwa inatupwa baada ya wiki 4 hadi 6 kutegemea aina, hata ikiwa nusu. Kalamu ina yuniti 300. Anayetumia 10 kwa siku, na 2 za kupiga hewani ili kuifungua njia kila mara, atakaa nayo siku 25. Kwa dozi ndogo kalamu haipotezi dawa, ingawa yuniti kwa yuniti ni ghali kuliko chupa. Dozi ikipanda, chupa inaanza kukulipa. Bei hutofautiana sana kati ya duka moja la dawa na jingine hapa mjini, hivyo pigia simu maduka matatu au manne kabla ya kupanda gari.

Ukichukua chupa, mabomba ya sindano yawe ya yuniti 100, ambayo huwa na kifuniko cha rangi ya chungwa. Bomba la yuniti 40, lenye kifuniko chekundu, litakupa dozi ya uongo. Hili halina mzaha.

Hatua ya 5: Jidunge

Nawa mikono kwa sabuni. Insulini ya maziwa izungushe taratibu kati ya viganja mara kumi hadi ishirini, hadi rangi iwe moja, na usiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi. Ile angavu iache ilivyo. Ikiwa imebadilika, ya maziwa imeganda mabonge au angavu imekuwa na ukungu, usiitumie.

Kwa chupa: vuta hewa kiasi cha dozi, iingize chupani, pindua chupa juu chini, kisha vuta insulini. Ukiona kiputo, gonga bomba kwa kucha kipande juu, kisukume nje, usawazishe dozi. Simama penye mwanga. Mistari ya bomba ni midogo, na wengi wanaokosea dozi wanakosea kwa sababu ya macho.

Kwa kalamu: weka sindano mpya, piga yuniti 2 hewani hadi tone lionekane, kisha zungusha hadi dozi yako. Ukimaliza toa sindano, usiiache imening'inia kwenye kalamu, hewa itaingia.

Mahali: tumbo, vidole viwili au vitatu kutoka kitovuni, au upande wa nje wa paja. Kwa bomba, kunja ngozi kidogo kwa vidole. Dunga, sukuma hadi mwisho, hesabu hadi kumi ukiwa bado ndani, toa. Usisugue. Kesho sogea, upana wa kidole kutoka pale pa leo. Anayependa pembe moja ya tumbo kwa sababu "hapo hapaumi" huishia na uvimbe mgumu chini ya ngozi, na insulini ikidungwa kwenye uvimbe huo haifyonzwi sawasawa. Ukiona sukari imekataa kushuka bila sababu, pitisha vidole tumboni utafute uvimbe kabla ya kulaumu dawa.

Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ile ya Jik inafaa sana, na ikijaa irudishe hospitali. Ukizitupa kwenye taka za ploti, mtoto au mzoaji taka atazikuta.

Hatua ya 6: Sukari ikishuka

Woga huu ni wa haki, na unastahili mpango kamili kuliko maneno ya "usijali".

Chini ya 4 ni kushuka. Mikono inatetemeka, jasho baridi, moyo unadunda, njaa ya ghafla, au hasira isiyo na kichwa wala miguu. Ndani ya matatu watu watadhani umelewa. Usiku dalili huwa ndoto za ajabu, shuka zilizolowa, na kichwa kuuma asubuhi.

Pima kama mashine iko karibu. Kama haiko, usipoteze muda kuitafuta. Vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye glasi ya maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima, rudia ikiwa bado iko chini ya 4. Ikipanda, kula kitu: mkate, ndizi, viazi vitamu. Chokoleti haifai kwa dharura, mafuta yake yanaichelewesha. Mtu aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali.

Katika jiji hili anayeshusha sukari mara nyingi ni foleni ya barabarani. Mtu wa insulini ya mchanganyiko anajidunga ofisini saa kumi na mbili jioni ili akifika nyumbani ale, kisha anakwama Thika Road hadi saa mbili na nusu. Insulini ilishaanza kazi, chakula hakuna. Kanuni yangu ni fupi: insulini ya kabla ya mlo idungwe ugali ukiwa tayari uko motoni, nyumbani kwako. Kama umepewa dakika 30 kabla, zihesabu ukiwa jikoni, usizihesabu ukiwa stejini. Mkobani kuwe na pakiti ya glukosi ya unga au peremende kumi, na usimpe mtoto anayelia kwenye siti ya jirani, hata akikukodolea macho.

Siku ya mguu mwingi, kufua, kulima, kwenda harambee kwa miguu, ongeza kipande cha chakula kabla. Pombe bila chakula huishusha sukari saa nyingi baadaye, ukiwa usingizini.

Hatua ya 7: Friji, stima na safari

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima, imekwisha. Ile unayotumia haihitaji friji. Inakaa vizuri ndani ya nyumba chini ya nyuzi 30, na kwa hali ya hewa ya Nairobi hilo si tatizo ukiiweka mbali na jiko, dirisha la jua na juu ya televisheni. Stima ikipotea usiku mmoja, usifungue friji ovyo, itabaki na ubaridi.

Asiye na friji anaweza kununua moja moja, au kuiweka kwenye kopo ndani ya mtungi wa udongo uliolowekwa kwa nje. Ukisafiri kwenda Mombasa au Garissa, ibebe mkononi. Buti la basi kwenye jua ni tanuri.

Hatua ya 8: Watu

Nyumbani waambie wote, hata watoto, na uwaonyeshe sukari ya dharura iko wapi. Kazini mmoja anatosha. Majirani hawahitaji taarifa.

Utaletewa mitishamba. Shangazi atakuwa na jina la mtu wa Kayole aliyepona kwa majani. Mshukuru shangazi, usigombane naye, lakini insulini usiiache ili ujaribu majani.

Waislamu wanaofunga Ramadhani waende kliniki mwezi mmoja au miwili kabla, dozi na saa zipangwe upya. Kutoboa kidole kupima hakubatilishi saumu, na sukari ikiwa chini ya 4 fungua saumu mara moja.

Hatua ya 9: Pesa

Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani, mnamo Oktoba 2024, usikisie unachofidiwa. Nenda dirishani kwenye hospitali yako, iwe Kenyatta, Mbagathi au Mama Lucy, ukiwa na kitambulisho, uulize mambo matatu: kama malipo yako yako sawa, kama insulini inapatikana kwenye famasi yao, na kama vijiti vya kupimia vimo. Vijiti ndivyo vinavyomaliza pesa kimyakimya. Kama huwezi kupima mara nyingi, pima asubuhi kabla ya kula, maana kwa insulini ya usiku ndicho kipimo kinachoongoza dozi. Ukiishiwa pesa, mwambie daktari. Kugawa dozi nusu nusu ili chupa ifike mwisho wa mwezi hakumpi daktari nafasi ya kukutafutia insulini ya bei nafuu.

Hatua ya 10: Wiki za kwanza

Daftari la shule linatosha: tarehe, sukari ya asubuhi, yuniti, na neno moja la pembeni kama "nimechelewa kula" au "mafua". Wengi hulenga asubuhi kati ya 4 na 7, ingawa mzee wa miaka themanini anaweza kupewa lengo la juu zaidi. Mpango wa kawaida ni kupandisha yuniti 2 kila baada ya siku 3 hadi ufike lengo, lakini fanya hivyo ikiwa tu daktari ameuandika kwenye kadi yako. Usikate tamaa wiki ya kwanza ikiwa namba hazijasogea.

Ukiugua, ukaharisha au kukosa hamu ya kula, usiache insulini ya usiku kwa sababu "sijala kitu". Ugonjwa wenyewe hupandisha sukari. Pima mara nyingi zaidi, kunywa maji, piga simu kliniki upewe dozi. Na kama asubuhi yoyote mashine itasoma chini ya 4, dozi haipandi tena. Piga simu siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kurudi.